Kapikipiki ka Yaya na Injini ya Manseba

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, ana mguu mmoja uliokonda tangu utotoni. Ni ule wa kulia. Homa ilimshika kabla hajajua kukimbia vizuri, na ilipoondoka ilimwachia mguu usioweza kubeba uzito wake. Tangu hapo anatembea kwa fimbo, na kwa safari ndefu kidogo anapanda kale kapikipiki.

Nakaita kapikipiki kwa sababu hakajawahi kuwa pikipiki kamili. Kalifika mjini kwetu Likasi na mhandisi mmoja mgeni, aliyekanunulia watoto wake wakachezee uani. Mhandisi alipoondoka alikaacha kwa mpishi wake, na mpishi, asiyejua akafanyie nini, akampa baba yetu kwa mbuzi. Magurudumu yake ni mafupi na manene kama ya toroli, na kiti chake hakinifiki kiunoni. Mtu mzima akikakalia, magoti yanamfika kifuani. Lakini yaya alipokakalia mara ya kwanza, bado msichana, nyayo zake zote mbili zilikanyaga chini, na hakuna pikipiki nyingine mjini aliyoweza kuipanda hivyo bila kushikiliwa. Tangu siku ile kakawa kake.

Injini yake ilikuwa ya aina ile ya pampu za maji, haina gia. Ukivuta mafuta inakwenda, ukiachia inasimama. Kwa miaka mingi ilimpeleka sokoni kununua vitambaa na kumrudisha nyumbani, mtaa wa Kikula, anakoshona nguo za wanawake. Halafu ikaanza kuzeeka. Kwenye kila mwinuko, na mji wetu hauna uhaba wa miinuko, ilikohoa na kuzima, na yaya alilazimika kusubiri mpita njia amsukume.

Siku moja alikuja hadi mlangoni kwangu, akakaegemeza ukutani, akakaa kwenye benchi ninalofanyia kazi. Mimi kazi yangu ni kusuka mota za umeme, zile zinazoungua kwenye vinu vya unga na kwenye pampu.

"Mudogo yangu," akaniambia, "utanitilia moteri ingine. Kubwa."

"Kubwa namna gani?"

"Ya pikipiki ya kweli."

Nilicheka, nikaona yeye hacheki. "Yaya, weye unaenda wapi na moteri kubwa vile? Banamuke benye unashoneaka nguo beko hapa hapa Kikula."

"Ni weye utaendesha, ao ni minye?"

Nilimwambia basi tutafute baiskeli ya magurudumu matatu, yenye kiti kizuri, kama ile ya mzee mmoja wa msikitini kwetu. Akaniangalia kama nimemtukana.

Hazikupita wiki mbili, mkokoteni ukasimama mbele ya lupango letu, ua tunaoishi sote. Ndani yake mlikuwa na injini ya pikipiki, nyeusi kwa mafuta, imefungwa kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Ilipokwisha kushushwa, yaya akamwonyesha mwenye mkokoteni mashine yake moja ya kushona, ile ya kuzungusha kwa mkono, akamwambia aipakie. Alikuwa na mbili za namna hiyo, kwa kuwa mashine ya kukanyaga haimfai. Nilidhani anampa mtu wa kuitengeneza.

"Nimebadilisha," akasema. "Yeye anipe moteri, minye nimupe mashini."

"Yeye nani?"

"Ule manseba aliangukaka ku njia ya Kambove."

Huku kwetu manseba ni mwenye pikipiki anayebeba abiria. Huyo nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa akiegesha karibu na soko, na mara nyingi nilimwona akimsukuma yaya mlimani kwa mguu, yeye juu ya pikipiki yake na yaya juu ya kale kake. Lori la mawe ya madini lilimsukuma nje ya barabara. Pikipiki yake ilikunjika, injini ikabaki nzima. Alipotoka hospitalini nilisikia amekwenda kukaa kwa kaka yake huko Koni, kando ya mto Lufira, kwa kuwa goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tena.

"Na yeye atafanya nini na mashini ya kushona?"

"Atashona."

"Manseba?"

"Haiko na mikono?" akaniuliza, akaingia ndani.

Nilibaki na injini uani, siijui hata kidogo. Watu wakisikia unasuka mota wanadhani unajua kila kinachozunguka. Mota ya umeme naijua hadi usingizini. Injini ya petroli ni kitu kingine kabisa. Nikamwita rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya msingi, Msanga kwa kabila, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, shemasi katika kanisa lake. Yeye naye hakuwahi kugusa pikipiki isipokuwa kuchomelea bomba la moshi lililopasuka. Akaizunguka ile fremu, akaizunguka ile injini, akavuta pumzi.

"Hii ni kama kutia ng'ombe mu nyumba ya kuku," akasema. Lakini alikuwa amekwisha kuvua koti.

Tulivihamishia uani kwake, penye mashine yake ya kuchomelea, tukaanza kwa kukata chuma cha katikati ya fremu, maana injini ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake. Tukachora kwenye katoni umbo la vipande vya kuishikilia, rafiki yangu akavikata kutoka kwenye vyuma vya kitanda kilichovunjika. Tulipoipachika mara ya kwanza, kabureta iligonga kiti. Tukainua kiti. Tulipoinua kiti, nyayo za yaya hazikufika tena chini. Tukashusha kiti, tukainamisha injini. Kila tulichorekebisha kiliharibu kingine, na kila jioni tulikuwa tunajua kidogo kuliko asubuhi.

Halafu likaja jambo la mnyororo. Kwenye kale kapikipiki gurudumu la nyuma lilikuwa na meno ya mnyororo upande wa kulia. Injini mpya inatolea mnyororo upande wa kushoto. Tulikaa chini tukatazamana. Rafiki yangu akainuka, akaishika injini kwa mikono miwili, akaigeuza, sehemu iliyotazama mbele ikatazama nyuma. Mnyororo sasa ukawa kulia, sawasawa na gurudumu.

"Ona," akasema. "Imekubali."

Nilimpigia makofi. Tukaichomelea.

Siku ya kuijaribu ilikuwa Jumamosi, jua kali, na mke wa rafiki yangu alikuwa ameanika unga wa mihogo kwenye mkeka nyuma yetu. Yaya alikaa kivulini akitazama. Rafiki yangu ndiye aliyepanda. Akapiga kiki, injini ikanguruma hadi majirani wakachungulia. Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi polepole, macho yake yakiangalia barabarani.

Kapikipiki kakaenda nyuma.

Hakakusita. Kalirudi nyuma kwa nguvu zake zote mpya, rafiki yangu juu yake amenyoosha shingo kuelekea barabara iliyokuwa ikimkimbia, wakapita juu ya mkeka, wakaingia ukutani. Unga ukapanda juu. Alipoinuka alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi ndevu. Mkewe alitoka, akatutazama mmoja mmoja, akarudi ndani na kufunga mlango kwa komeo, na hilo lilitutisha kuliko kelele.

"Ulitia vitesi gani?" nikamuuliza.

"Ya kwanza."

"Labda ni ya nyuma."

"Pikipiki haiko na vitesi ya nyuma!"

Tulijaribu ya pili. Kakaenda nyuma kwa kasi zaidi. Hapo nikaona ni zamu yangu kusaidia. Kwenye mota za umeme zinazotumia waya tatu, mota ikizunguka upande usiotaka, unabadilisha waya mbili na inageuka. Ni jambo ninalolifanya kila mara. Kwa hiyo nikapiga magoti, nikaanza kutafuta waya mbili za kubadilisha kwenye injini ya petroli. Nilizipata, nikazibadilisha. Injini haikuwaka kabisa. Nikazirudisha. Ikawaka, ikataka kwenda nyuma. Rafiki yangu alinisimamia akiwa mweupe vile vile, anatikisa kichwa kukubali kila nilichosema, na mimi sikujua nasema nini.

Aliyeona kosa ni rafiki yangu, siku ya pili yake baada ya ibada, angali na nguo za kanisani. Alinisimamisha mbele yake, uso kwa uso, akaniambia niinue mkono wa kulia. Akainua wake.

"Mukono yako iko upande gani yangu?"

"Kushoto."

"Njo ile. Tuligeuza moteri, iko inatuangalia. Yeye anaenda mbele. Mbele yake njo nyuma yetu."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa mkono, sikuwa nimeelewa injini. Alinieleza tena kwa kutumia kofia yake, halafu kwa viatu, na kila mara nilikaribia kushika halafu kikaponyoka. Tulichofanya ni kung'oa kila kitu, kuirudisha injini iangalie mbele, na kuligeuza gurudumu badala yake, meno yakaja kushoto. Waya wa breki ukawa mfupi, tukaweka wa baiskeli. Kakaenda mbele. Sikuuliza zaidi.

Yaya alikuwa akija kila siku kutazama, na kila akija alikuwa na agizo. Bomba la moshi lilipita upande wa kulia, karibu na mguu wake mwembamba. Akataka lifunikwe kwa bati, kwa sababu mguu ule unasikia moto kama mwingine ila haukimbii. Hilo tulilielewa. Tulielewa pia kwamba hawezi kupiga kiki, maana kiki iko kulia. Injini ilikuwa na mota yake ndogo ya kuiwashia, lakini ilikuwa imeungua. Hapo ndipo nilipopata heshima yangu. Niliitoa, nikaisuka upya kwa waya mwembamba, nikaijaribu kwa betri, ikalia kama nyuki. Rafiki yangu aliniangalia kama nimefufua mtu. Kwa nusu siku nilijiona fundi.

Halafu yaya akaagiza kiti kirefu.

"Ya mizigo?" nikamuuliza.

"Kirefu tu. Kikue laini."

"Mizigo haiko na matako, yaya."

Akamgeukia rafiki yangu, akachora chini kwa fimbo yake. Alitaka vyuma vya kuwekea miguu nyuma, pande zote mbili. Cha kulia kiwe cha kawaida. Cha kushoto kiwe kirefu, kitokeze nje na kwenda mbele, karibu na gurudumu la mbele, na mwisho wake kiwe na bati pana kama kiganja. Rafiki yangu akamuuliza mara mbili kama anamaanisha kulia, kwa kuwa mguu wake mbaya ni wa kulia. Akasema kushoto. Alipoondoka tulibishana. Mimi nilisema ni cha kufungia marobota ya vitambaa. Yeye alisema ni cha kumzuia asianguke. Hakuna hata mmoja wetu aliyeamini alichosema. Tukakichomelea kama alivyochora.

Alijifunza kwenye kiwanja cha mpira, saa za alasiri. Kale ka zamani hakakuwa na klachi, kwa hiyo mwanzoni alizima kila alipotaka kuondoka. Siku moja aliachia klachi ghafla na gurudumu la mbele likainuka hewani. Yaya yangu, mwenye heshima zake, kitambaa kichwani, alipita mbele yangu akiwa amesimamia gurudumu moja, anaita jina la Mungu. Liliposhuka, nilikimbia kumshika. Nilimkuta anacheka hadi machozi. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo, na nilisimama pale nisijue nimkataze au nicheke. Rafiki yangu akafunga kipande kizito cha chuma mbele, na tangu siku hiyo gurudumu likabaki chini.

Kisha, asubuhi moja, aliondoka. Aliniambia anapeleka nguo ya mtu. Adhuhuri hakuwa amerudi. Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nilikwenda kwa wateja wake, hakuna aliyemwona. Rafiki yangu akaanza kuzihesabu nati moja moja kichwani, ipi huenda hakuikaza. Nikakodi manseba, nikawa nauliza njiani. Muuza makaa mmoja, pembeni kabisa mwa mji, akaniambia: "Ule mama ya kapikipiki? Alipita asubuhi. Anaenda njia ya Koni."

Koni! Barabara ile ni ya vumbi na vilima, na sisi hatuna ndugu huko. Nilimwambia manseba twende. Nilikuwa naona mbele yangu kapikipiki kamelala shimoni na yaya pembeni yake.

Tulimkuta katikati ya mlima mmoja, anapanda kurudi. Injini ilikuwa inavuta bila kukohoa. Nyuma yake alikaa mwanamume, amepakata mashine ya kushona iliyofungwa kwa kikwembe, na mguu wake wa kushoto, uliokauka kama mti, ulikuwa umenyooshwa mbele juu ya kile chuma kirefu, kisigino kimekaa kwenye bati pana. Nilishuka, nikasimama barabarani na mikono juu. Yaya alipiga honi. Hakupunguza hata kidogo. Walinipita, yule mwanamume akaniinamishia kichwa kwa heshima, vumbi likanifunika.

Manseba wangu alikuwa amezima pikipiki yake, anawatazama wanavyopotelea juu.

"Njo ule unatafutaka?" akaniuliza.

"Njo yeye."

"Na ule mwanaume nyuma, hakukuwaka manseba kama siye?"

"Alikuwaka."

Akafikiri kidogo. "Sasa banamubeba," akasema, na sikujua kama anamsikitikia au anamwonea wivu.

Baadaye yaya aliniambia hakuweza kusimama kwa sababu angesimama pale mlimani injini isingeondoka tena na watu wawili. Nadhani ni kweli. Nyumbani niliwakuta wamekaa, yule mwanamume anakunywa chai, mguu umenyooka juu ya kigoda, mashine mbele yake. Aliinuka kunisalimia ingawa kuinuka kulimpa taabu.

"Nilikuya kujifunza kushona, shemeji," akasema.

Neno "shemeji" lilinipita, likafika mlangoni, likarudi. Nilimtazama yaya. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa unaingia bila shida yoyote.

"Tangu wakati gani?" nikamuuliza yeye, si yule mwanamume.

"Tangu ile moteri ilikuwa ingali yake."

Niliketi. Kichwani nilikuwa naziona zile siku za kumsukuma mlimani kwa mguu, pikipiki kubwa na kapikipiki, ambazo mimi niliziona kama msaada wa barabarani. Labda zilikuwa msaada kwanza. Sijui zilibadilika lini, na kila ninapomuuliza yaya ananipa jibu tofauti. Yeye mwenyewe, shemeji, anasema baada ya ajali aliacha kupokea simu za watu wote, akapokea ya mtu mmoja tu. Anasema alikuwa anakaa ukingoni mwa Lufira akiwatazama wengine wakivua, na yule mtu kwenye simu akamwambia: mashine inakuja, anza kunyoosha mishono, na minye nitakuja nyuma yake. Alidhani ni maneno ya kumfariji. Mpaka aliposikia injini yake mwenyewe inapanda kwenda kwao.

Wakubwa wa shemeji walikuja kuposa mwezi uliofuata, wazee Waislamu wa asili ya mji wa Kasongo kama sisi, wenye kofia safi. Walikaa sebuleni wakazunguka maneno kwa adabu, na mimi, kama ndugu wa kiume aliyebaki, nilipaswa kuzunguka nao. Mmoja wao akaniuliza kama familia ilitarajia jambo hili. Nilisema ndiyo. Rafiki yangu mchomeleaji, niliyemwomba akae nami ingawa si wa dini yetu, alikohoa. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na bukari ya siku ile, ule ugali wetu, iliivishwa na mke wa rafiki yangu, aliyekuwa amekwisha kutusamehe unga wake, au angalau aliacha kuutaja.

Sasa yaya na shemeji wanashona pamoja katika chumba cha mbele. Yeye anapima na kukata, mumewe ananyoosha mishono mirefu, ile inayomchosha yaya mkono. Asubuhi wanakwenda sokoni, yaya mbele, shemeji nyuma, na Kikula yote imekwisha kuwazoea, isipokuwa mimi. Watu wawili wamekuja kwa rafiki yangu kumwomba awaundie kapikipiki kama kale. Amewakatalia.

Juzi shemeji alinivuta pembeni. Alikuwa ametoka sokoni, amejaa vumbi.

"Shemeji, nakuomba kintu," akasema kwa sauti ya chini. "Umwambie yaya yako apunguze. Ku mulima iko anakimbiza sana. Minye naogopa."

Nilimwahidi. Nikaenda kwa yaya, nikamwambia kwa upole kwamba mumewe anaogopa mwendo. Alikuwa ameshika mkasi, nusu ya kitambaa imekatwa.

"Yeye alinisukumaka mbio kupita ile," akasema, "na minye nilinyamaza. Umwambie."

Nikarudi kwa shemeji, nikamwambia. Akacheka kidogo, akakuna shingo, akasema basi nirudi nimwambie hiki na hiki. Nikaenda. Nikatumwa tena. Mara ya mwisho nilisimama katikati ya ua, kati ya milango miwili, na nikagundua nimesahau maneno ninayoyabeba ni ya nani na yanakwenda kwa nani. Ndani, kila mmoja nyuma ya mlango wake, wote wawili walikuwa wananisubiri.